Kutoka Nyansiongo hadi Kasarani: Shabiki ajipange vipi?

SHABIKI wa soka anayeishi Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira, akifikiria kwenda Nairobi kutazama mchuano wa kimataifa, jambo la kwanza analouliza ni bei ya tikiti. Swali hilo ni la maana, ila kuna jingine linalostahili kulitangulia: mechi ikiisha, atarudi vipi nyumbani?

Yaliyotukia Agosti 2025 yanaonyesha kwa nini. Mwezi huo Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja fainali za CHAN, kipute cha mataifa ya Afrika kinachoshirikisha wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao. Harambee Stars walicheza mechi zao zote Kasarani. Waliilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 1-0 Jumapili Agosti 3, wakatoka sare ya 1-1 na Angola Alhamisi Agosti 7, wakaizima Morocco 1-0 Jumapili Agosti 10, na kuipiga Zambia 1-0 Jumapili Agosti 17. Safari yao ilikatizwa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali, Ijumaa Agosti 22.

Kila ushindi ulizidisha hamu ya mashabiki, na hamu hiyo ikazaa balaa. Watu wasiokuwa na tikiti walivunja vizuizi na kujipenyeza uwanjani. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliitoza Kenya faini, likaamuru kwamba watazamaji wa mechi dhidi ya Zambia wasizidi 27,000, likapiga marufuku tikiti za karatasi na kuonya kwamba mechi za Kenya zingeweza kuhamishiwa kwingine iwapo fujo zingeendelea.

Kwa mkazi wa Roysambu au Githurai, amri ya namna hiyo ikimfungia lango humrudisha tu nyumbani kwa miguu akatazame mechi kwenye runinga. Aliyetoka Gusii kwa nauli ya kukopa akitarajia kununua tikiti langoni hupoteza nauli, siku mbili za kazi na usingizi wa usiku mmoja, na asione hata mpira ukitengwa.

Suala hili halijapitwa na wakati. Septemba 27, 2023, CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania idhini ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027, fainali za mataifa 24 zilizopangiwa Juni na Julai mwaka huo. Tangu Ethiopia iwe mwenyeji mnamo 1976, fainali hizo hazijawahi kuchezwa katika ukanda huu. Kwa mwananchi wa kawaida wa Nyamira, huenda hii ikawa nafasi ya pekee maishani ya kuishuhudia AFCON bila kupanda ndege.

Hata hivyo, Mkenya ana kila sababu ya kutofunga mizigo mapema mno. Kenya iliwahi kupewa fainali za AFCON za 1996, ikapokonywa na zikachezewa Afrika Kusini. Ikapewa CHAN ya 2018, nayo ikahamishiwa Morocco baada ya maandalizi kusuasua. Hekima ni kwamba fedha zisizorudishwa, kama vile malipo ya chumba au ya basi la kukodi, zisitoke mfukoni kabla ya ratiba rasmi kutaja mechi, uwanja na saa. Kuweka akiba ni jambo tofauti. Hilo halingoji ratiba.

Na katika Nyansiongo, akiba huhesabiwa kwa majani chai. Mji huu ulikua katikati ya mashamba yaliyokuwa ya walowezi, ambayo yaligawiwa wenyeji baada ya uhuru, na uchumi wake ungali unaegemea kiwanda cha chai na ng'ombe wa maziwa. Mkulima hupokea malipo ya kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, kisha bonasi mwezi wa Oktoba. Hiyo ina maana kwamba bonasi ya mwisho kabla ya kipenga cha AFCON ni ile ya Oktoba 2026.

Kati ya Oktoba na Juni kuna Krismasi, karo ya Januari, karo ya muhula wa pili na mbolea. Isitoshe, Juni na Julai ni miezi ya baridi katika nyanda za juu za Gusii, wakati ambapo chai huchipuka polepole na malipo ya mwezi hupungua. Kwa maneno mengine, michuano imewekwa katika msimu ambao mfuko wa mkulima huwa mwembamba. Aidha, bonasi yenyewe haitabiriki: mnamo 2025 wakulima wengi wa magharibi mwa Bonde la Ufa waliteta baada ya viwango kushuka. Anayetaka kusafiri hana budi kutenga kiasi kidogo kila mwezi, badala ya kuitwika bonasi mzigo wote.

Hesabu yenyewe ina mafungu matano: nauli ya kwenda na kurudi, usafiri wa ndani ya jiji, chakula, malazi na tikiti. Wengi hukadiria la kwanza na la mwisho tu. Lakini malazi ndiyo huamua iwapo safari ni ya siku moja au mbili, na hapo ndipo suala la kurudi linapojitokeza tena.

Chukulia mechi inayoanza saa tisa alasiri. Kutoka Nyansiongo, barabara hupitia Chebilat, Sotik, Bomet, Mulot, Narok na Mai Mahiu, mwendo wa zaidi ya kilomita 250. Gari likienda vizuri hutumia saa tano au sita. Atakayeondoka saa kumi na moja alfajiri atafika jijini kuelekea saa tano, akiwa na muda wa kutosha kuvuka hadi uwanjani, kupekuliwa na kuketi.

Kwenda si tatizo. Mechi hiyo itaisha karibu saa kumi na moja jioni. Kutoka nje ya uwanja wenye maelfu ya watu huchukua muda, na msongamano wa Nairobi huchukua zaidi. Basi litapita Rironi giza likiwa limeingia, lishuke bondeni kuelekea Mai Mahiu katika ukungu wa Julai, na kufika Nyansiongo saa saba au saa nane usiku. Mechi ikianza saa moja usiku, kama ilivyokuwa dhidi ya Angola, au ikiingia muda wa ziada na penalti kama ile ya Madagascar, kurudi usiku huo huo ni kuhatarisha maisha.

Barabara yenyewe ina historia ya kutahadharisha. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok. Aprili 2024, mafuriko ya ghafla yaliua makumi ya watu Mai Mahiu. Ni kweli kwamba Juni na Julai si miezi ya masika, lakini kuna jambo jingine la kuzingatia: Novemba 2025 ulizinduliwa upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, mradi unaojumuisha pia kipande cha Rironi, Mai Mahiu na Naivasha. Msafiri aulize hali ya barabara juma moja kabla ya kuondoka na aongeze angalau saa moja katika makadirio yake.

Kwa sababu hizo, kanuni iliyo salama ni hii: mechi ya alasiri yaweza kuwa safari ya siku moja iwapo gari lina madereva wawili na leseni ya kubeba abiria usiku kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Mechi ya jioni au ya usiku ni safari ya siku mbili. Asiye na pa kulala achague mechi nyingine.

Kuhusu malazi, wengi wa Nyansiongo wana ndugu jijini. Desturi ni kubisha hodi na kupokewa, lakini nyumba ya chumba kimoja Zimmerman haiwezi kupokea shangazi, wajomba na binamu kumi na wawili usiku mmoja. Ni uungwana kupiga simu mapema, kutaja idadi kamili na siku ya kuondoka, na kufika na mkungu wa ndizi au kifurushi cha unga wa wimbi. Mwenyeji aliyeandaliwa hapati taabu kama aliyeshtukizwa.

Jambo la kuangaliwa ni uwanja upi hasa, kwani Nairobi haina uwanja mmoja. Kasarani, uliotumiwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987, uko kando ya Barabara ya Thika, upande wa pili wa jiji kwa anayetoka Gusii. Basi la kukodi halilazimiki kuingia katikati ya mji. Laweza kuchepuka Gitaru, lifuate barabara mpya ya magharibi hadi Ruaka, kisha ile ya kaskazini hadi Barabara ya Thika.

Uwanja wa Talanta, ambao ujenzi wake ulianza 2024 na uliobuniwa kubeba watazamaji 60,000, uko kando ya Barabara ya Ngong. Huo uko karibu zaidi na mlango wa magharibi wa jiji, na hufikiwa kwa barabara ya pembezoni inayopitia Dagoretti. Anayelala Githurai wakati mechi iko Talanta, au Kawangware wakati mechi iko Kasarani, atakuwa amejiongezea safari ya pili ndani ya safari.

Tikiti nazo zimebadilika. Baada ya fujo za 2025, dalili zote zaonyesha kwamba tikiti ya kuchapishwa haitarudi kirahisi. Tikiti ni alama iliyo ndani ya simu. Simu ikizimika, tikiti nayo imezimika. Shabiki anunue kupitia mtandao rasmi utakaotangazwa na waandalizi, ahifadhi picha ya tikiti, na abebe betri ya akiba. Mzee asiyezoea simu za kisasa asiachiwe kila kitu kijana mmoja wa kikundi. Kijana huyo akipotea katika umati, tikiti za wote zimepotea naye. Kununua kwa mlanguzi nje ya uwanja ni kununua mbuzi kwenye gunia, kwani alama moja yaweza kuuzwa kwa watu watano na akaingia wa kwanza pekee.

Isisahaulike pia kwamba si lazima kutazama Kenya. Mechi ya mataifa mengine huwa na foleni fupi na vurugu chache, na burudani yake haipungui. Anayetaka kuwapeleka wazazi wake au mtoto kwa mara ya kwanza angefanya vyema kuchagua mechi kama hiyo. Watoto, hata hivyo, kwa kawaida huwa katika muhula wa pili mwezi wa Juni na sehemu kubwa ya Julai, tofauti na CHAN iliyochezwa Agosti.

Atakayevuka mpaka ana maandalizi zaidi. Kampala hufikiwa kupitia Kisii, Kisumu na Busia, na tangu 2014 Mkenya huruhusiwa kuingia Uganda kwa kitambulisho cha kitaifa. Kwa Tanzania, ambako Arusha inajengewa uwanja mpya na hufikiwa kupitia Namanga, pasipoti au hati ya muda ya kusafiria huhitajika, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Maombi ya pasipoti hufanywa kupitia eCitizen, na Kisii kuna afisi ya uhamiaji. Anayengoja hadi mwezi wa mwisho atakuta foleni ya waliongoja kama yeye.

Njia nyepesi ya kubeba yote haya ni kikundi. Gusii ina uzoefu huo. Shabana iliporejea Ligi Kuu mnamo 2023, mashabiki wake wa Tore Bobe waliendelea na desturi ya kuchanga fedha na kukodi magari kuifuata timu yao hadi Nairobi na kwingineko. Utaratibu huo huo wafaa kwa AFCON: mweka hazina mmoja anayeaminika, daftari linaloonwa na wote, na tarehe ya mwisho ya kulipa inayoheshimiwa.

Kikundi pia ndicho mahali pa kukubaliana kuhusu siku. Waumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato ni wengi Nyamira, na kwao jioni ya Ijumaa na mchana wa Jumamosi si wakati wa kusafiri. Fainali ya CHAN, ambayo Morocco iliifunga Madagascar 3-2, ilichezwa Jumamosi. Ni afadhali jambo hilo liamuliwe kabla ya basi kulipiwa kuliko kuzua mzozo kituoni.

Mwisho kuna wanaobaki. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, iwe kuna fainali au hakuna, na chai iliyokomaa haimngojei mchumaji. Katika nyumba nyingi, safari ya mmoja ni kazi maradufu kwa mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ni mke au mama. Orodha ya maandalizi ambayo haikutaja atakayekamua, na malipo au shukrani atakayopata, haijakamilika. Pengine mwaka huo huo, mechi itakayofuata, ni zamu yake kuketi ndani ya basi.