Majina ya Makorongo Yana Elimu, Tusiyapuuze

Wapo wanaodhani kwamba utalii wa Kenya ni simba na fuo za bahari tu. Kumbe siku hizi wapo wasafiri wanaofuata miamba, makorongo na volkeno ili wajue ardhi ilivyoumbika. Mwaka 2018, eneo la Ngorongoro-Lengai la jirani zetu Watanzania liliingizwa na UNESCO katika orodha ya jiopaki za dunia. Nasi Bonde la Ufa limetujalia utajiri kama huo.

Mimi ni mwanaisimu, si mwanajiolojia, kwa hivyo naanza na majina. Kule Marafa, karibu na Malindi, mvua na upepo vimeuchonga mchanga mwekundu na mweupe ukawa kama minara. Wagiriama hupaita Nyari, na hueleza kuwa maana yake ni mahali palipojivunja. Wageni wakapaita Jiko la Jehanamu. Huko Naivasha nako, korongo ambalo kwa Kimaasai ni Ol Njorowa limo katika mbuga iliyoanzishwa mwaka 1984 kwa jina la Lango la Jehanamu. Jehanamu mbili katika nchi moja! Jina la Kigiriama laeleza tendo la ardhi. La mgeni laeleza hofu yake.

Hili si suala la fahari ya lugha pekee. Korongo la Ol Njorowa lilichongwa na maji maelfu ya miaka iliyopita, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa na kufurika kuelekea kusini. Mvua ikinyesha milimani, maji huweza kulijaza kwa muda mfupi, hata kama anayetembea ndani haoni wingu juu yake. Mwaka 2012 mafuriko yaliwaua watu saba humo. Mwaka 2019 yakawaua saba wengine. Aliyeambiwa kuwa hapo ni lango hutarajia kupita tu. Aliyeambiwa kuwa ni njia ya maji huuliza kwanza mvua imenyesha wapi.

Ndiposa nawasihi walimu: kabla ya basi la ziara kung'oa nanga, somo la Jiografia na la Kiswahili yakutane darasani. Istilahi tunazo: ufa, genge, kasoko, zaha, mmomonyoko. Wanafunzi wakifika, wawaulize wenyeji majina ya mahali na maana zake, wayaandike. Nao wasimamizi wa mbuga waweke mabango ya Kiswahili yanayotaja jina la wenyeji, asili ya umbo lile na hatari zake.

Kuna watakaosema kwamba watalii wa ng'ambo wameshazoea majina yao. Hoja hiyo haina mashiko. Ziwa Rudolf liligeuzwa jina likawa Turkana mwaka 1975, na dunia ikazoea. Itazoea Nyari na Ol Njorowa pia, mradi sisi wenyewe tuanze kuyatamka mbele ya watoto wetu.