Mikanda ya Harusi Zetu Yahamia Simuni

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale hapa Mombasa, na kadhalika Lamu na Malindi, mlikuwa na kabati lisilofunguliwa ovyo. Ufunguo wake ulikaa kwa mama mwenye nyumba, umefungwa katika pindo la kanga au umefichwa chini ya mto. Humo hamkuwa na dhahabu peke yake. Mlikuwa pia na mikanda ya video: harusi ya binti wa kwanza, harusi ya mpwa, usiku wa kupamba uliotia fora mtaani, na mikanda mingine iliyoletwa na jamaa kutoka Maskati, Dubai na Uingereza.

Msomaji wa makamo atakumbuka jinsi mashine ya video, ile tuliyoiita deki, ilivyoingia majumbani mwetu katika miaka ya themanini. Mtindo wa VHS, ambao ndio uliotushika sisi, ulitolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Huko Lamu wanawake walikusanyika kutazama filamu za Kihindi, na mtaalamu mmoja wa kike, Minou Fuglesang, alikaa nao akaandika kitabu kizima juu ya mambo hayo, kilichotoka mwaka 1994. Baada ya filamu za watu, ikafuata kamera ya kupigia harusi zetu wenyewe.

Leo deki ni kitu cha kutafutwa kwa tochi. Kampuni ya Funai, nayo ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai mwaka 2016. Mikanda nayo yazeeka, na hewa yetu ya bahari haiihurumii. Hapana budi ihamishwe, na mahali inapotakiwa ni pamoja tu, yaani katika simu ya mkono, kwa kuwa wajukuu hawana mashine nyingine wanayoijua.

Nimewaona vijana wakilifanya jambo hili kwa pupa. Wanaupiga mkanda katika televisheni, wanaiweka simu mbele ya kioo, na simu inanasa kile inachokiona. Picha yatoka na mistari inayoteremka toka juu hadi chini, mlio wa feni umo ndani yake, na mara paka kapita. Huko si kuhamisha mkanda, ni kuchungulia dirishani.

Njia iliyo sawa yataka subira. Deki huunganishwa na kompyuta kwa kifaa kidogo cha kunasa picha, chenye tundu la manjano la picha na mengine mawili, jekundu na jeupe, ya sauti. Mkanda hupigwa tangu mwanzo hadi mwisho nayo kompyuta ikiandika. Mkanda wa saa 3 utachukua saa 3, hapana njia ya mkato. Lakini kwanza utazame utepe kupitia kidirisha cha mkanda. Ukiona kama unga mweupe kandokando, huo ni ukungu, na mkanda huo usitiwe ndani ya deki hata kidogo, kwani utachafua vichwa vya mashine na kuiharibu mikanda itakayofuata. Mpelekee fundi ajuaye kuusafisha.

Nakala hii ya kwanza iwe nzito, na isiguswe. Mimi naiita nakala mama. Nikinasa kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde, saa moja hula gigabaiti 3.6, na mkanda mzima wa saa 3 hukaribia gigabaiti 11. Mzigo huo si wa simu. Tena ziko memori kadi, hasa zile za gigabaiti 32 kurudi chini, ambazo kwa jinsi zilivyopangwa hazipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, hata kama kadi yenyewe ni tupu. Mama hukaa katika diski yake. Anayesafiri ni mtoto.

Sasa twafika penye malalamiko ya kila siku: "Harusi iko katika simu lakini yakwama-kwama." Sababu yake si simu mbovu. Faili ya video ni mfano wa sanduku lenye nguo. MP4, AVI na 3GP ni majina ya masanduku. Nguo zilizomo zimekunjwa kwa namna yake, na hapo ndipo penye siri. Ndani ya simu mna sehemu maalumu iliyofundishwa kukunjua mikunjo fulani tu, na mkunjo unaojulikana na karibu kila simu ni ule uitwao H.264, uliokubaliwa mwaka 2003. Simu ikipewa mkunjo isioujua, kama ule wa DivX ambao watu waliupenda zamani katika masanduku ya AVI, ubongo wake hulazimika kuifanya kazi hiyo kwa nguvu zake wenyewe. Basi simu hupata moto, betri huisha, picha huruka na sauti hutangulia mbele. Wengine hulibadilisha jina la faili tu, wakaandika MP4 mwishoni, wakadhani wamemaliza. Hao wamepaka sanduku rangi, nguo zi vile vile.

Ama 3GP, hiyo tuisahau. Ilikuwa ya simu za vioo vidogo, na mara nyingi picha yake ilikuwa nukta 176 kwa 144, bibi harusi uso wake hautambulikani na wa somo yake. Bado wako watu wanaoiomba kwa mazoea.

Programu za kugeuza ziko na hazitozwi hata senti. Mimi hutumia HandBrake. Huipa nakala mama, nikachagua sanduku la MP4 na mkunjo wa H.264, na kipimo cha ubora nikakiweka 20. Wenyewe walioitengeneza hupendekeza baina ya 18 na 22 kwa picha za ukubwa huu, na kadiri nambari inavyopungua ndivyo picha inavyokuwa bora na faili nzito. Kwa nini nisiweke uzito mmoja wa sawa tangu mwanzo hadi mwisho? Kwa sababu video hubanwa kwa kuibeba picha moja nzima, kisha katika zinazofuata yakabebwa yale yaliyobadilika tu. Shehe anayesoma hotuba ya nikaha ametulia, hana mzigo. Lakini wakianza vugo, au wakisimama safu ya lelemama, nguo za kumetameta zikipepea na mikono ikienda pamoja, hapo kila nukta yabadilika. Hata chenga za mkanda wa zamani huhesabiwa kuwa ni mwendo, zikala nafasi bure, kwa hiyo yafaa kuzipunguza kidogo kabla ya kubana. Kidogo, nasema, ukizidisha, nyuso zatoka laini kama nta.

Liko jambo jingine mafundi wengi hawalijali. Televisheni yetu, pamoja na ya Uingereza na ya nchi za Ghuba, ilifuata mtindo wa PAL, picha 25 kwa sekunde. Kila picha ilitoka nusu mbili, kwanza mistari ya witiri kisha ya shufwa, au kinyume chake. Katika televisheni ya zamani jicho halikuona kitu. Katika simu, mkono ukipita kwa haraka, huota meno kama ya kitana. Programu ina sehemu ya kuziunganisha nusu hizo, na yapasa iwashwe. Tena idadi iachwe 25, au kila nusu ifanywe picha kamili zikawa 50, ambazo huteleza vizuri zaidi. Akija mjuaji akaandika 30, programu italazimika kurudia picha moja katika kila tano, na mwendo utakuwa wa kuguruma kama gari la barabara ya mashimo. Mikanda ya jamaa wa Marekani ndiyo yenye 30, kwani kwao mtindo ni NTSC, na yataka deki inayosoma mitindo yote miwili.

Nalo umbo lisivutwe. Picha ya zamani ni 4 kwa 3, kioo cha simu ni kirefu. Acheni weusi ubaki ubavuni. Nimeona harusi iliyonyoshwa ijaze kioo, bibi harusi mwembamba akatoka mnene kama pipa, na mamake akakasirika kweli kweli.

Hayo ndiyo ya ufundi. Yaliyobaki ni mazito kuliko hayo.

Sisi si wageni wa kunakili. Duka la Mbwana Radio Service hapa Mombasa lilirekodi na kuuza kanda za taarabu miaka na miaka, na sauti za kina Juma Bhalo na Zuhura Swaleh zilifika mbali kwa kanda hizo, nyingine zikinakiliwa kutoka kanda hadi kanda mpaka zikakwaruza. Lakini sauti ya mwimbaji ilitolewa isikike. Usiku wa kupamba haukutolewa hivyo. Ni usiku wa wanawake watupu. Mabuibui yamevuliwa, nywele zimesukwa, asumini vichwani, na aliyekubali kupigwa picha alikubali akijua mkanda utaingia kabatini na ufunguo utakuwa kwa mtu amjuaye. Hakuna aliyekubali kutiwa mfukoni mwa mtu asiyemjua.

Nawajua watu waliopeleka mkanda wa namna hiyo katika duka fulani la mjini, wakaacha mkanda, wakaenda zao, wakarudi baada ya siku 2. Baada ya muda kipande kikaonekana katika simu za vijana wa mtaa wa pili. Mwenye duka alisema amekifuta. Huenda alikifuta. Faili iliyofutwa katika kompyuta huweza kurudishwa maadamu haijaandikwa nyingine juu yake.

Kwa hiyo mpwa wangu aliyeolewa Maskati aliponipigia simu, "Mjomba, nataka binti zangu wamwone bibi yao," nilijua pana kazi. Harusi yake ilikuwa mwaka 1991, na mama yangu, Mola amrehemu, alifariki mwaka 1998. Picha yake inayotembea ni moja tu duniani, nayo imo katika mkanda wa kupamba. Mimi mwanawe sijapata kuiona. Mama ni maharimu wangu. Wale waliomzunguka si maharimu zangu.

Tulifanya hivi. Dada yangu aliketi ukumbini na kompyuta na deki, mlango umerudishwa, nami nikakaa barazani nikimwelekeza kwa sauti. "Dada, waya wa manjano umeingia?" "Umeingia." "Waona meno ya kitana?" "Kitana gani tena, wewe?" Ilituchukua siku nzima, na yeye hajapata kuishika programu kama ile maishani mwake. Tuliitenga kompyuta na intaneti kabla ya kuanza. Nikaha aliitoa faili mbali, ambayo yeyote aweza kuitazama, na kupamba mbali. Akawapigia simu wale waliomo anaowajua. Wote walikubali isipokuwa bibi mmoja mtu mzima, aliyesema yeye siku hizi hataki kuonekana vile. HandBrake yakubali kuambiwa ianze sekunde ipi na iishie ipi, basi dada akatoa vipande, akaviruka alivyoviona vina yule bibi. Dakika 11 hazikuingia katika nakala ya simu.

Wapwa zangu walitaka itumwe kwa WhatsApp, wakaniona mzee wa zamani. Kwanza, video ikitumwa huko kwa njia ya kawaida hubanwa tena, na kazi yote ya siku nzima hupotea. Itumwe kama hati ndipo ibaki ilivyo. La pili, ikishaingia katika kundi la jamaa 60, nani mwenye ufunguo? Simu nyingine zimewekwa zipeleke nakala ya kila picha katika hifadhi za intaneti bila mwenyewe kukumbuka. Nikaha ilitumwa kama hati. Kupamba ilikwenda Maskati katika memori kadi, ndani ya mkoba wa shangazi mmoja aliyekuwa akisafiri.

Siku ya pili dada alinitumia kitu katika simu yangu. Alikuwa amekikata peke yake, bila kuniuliza lolote: mama amekaa kitini pembeni mwa ukumbi, hakuna mwingine katika picha, anapiga makofi, na mara moja anageuka kana kwamba kaitwa. Dakika 2 na sekunde 40, megabaiti 30. Haikwami popote.