Nafasi ya Karibu na Mlango: Kanuni za Maegesho katika Eneo la Chuo Kikuu cha Tiba

Eneo la chuo kikuu cha tiba lina tabia ya pekee, kwa kuwa ni shule na hospitali kwa wakati mmoja. Katika lango lilelile hupita mwanafunzi anayewahi kipindi, profesa anayekwenda maabara, muuguzi anayeingia zamu, gari la wagonjwa linalopiga king'ora, lori lililobeba mitungi ya oksijeni, na mzee anayeletwa na binti yake kwenye kliniki ya moyo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimekaa pamoja na Hospitali ya Taifa Muhimbili katika eneo la Upanga, Dar es Salaam. Vivyo hivyo, Chuo Kikuu cha Cardiff nchini Wales kinafundisha udaktari katika eneo moja na hospitali kuu ya mji huo. Mahali pa namna hiyo ardhi haiongezeki, lakini magari huongezeka kila mwaka.

Wengi huyaona maegesho kuwa ni mambo ya mlinzi na mwenye gari. Makala hii inaeleza kwa nini kanuni hizo ni sehemu ya huduma ya afya, zinavyofanya kazi, na namna zinavyoweza kumsaidia mgonjwa au kumwumiza.

Kibali ni nini, na si nini

Kibali cha maegesho ni idhini inayotolewa na chuo au hospitali kwa mtu fulani, kwa gari fulani, katika sehemu fulani na kwa muda fulani. Huweza kuwa stika ya kubandika kiooni, kadi ya kufungulia kizuizi cha langoni, au namba ya gari iliyoingizwa katika kompyuta ya walinzi. Kwa kawaida vibali hugawanywa kwa makundi: wafanyakazi, wanafunzi, wagonjwa na wageni, watu wenye ulemavu, na magari ya huduma.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba kibali si nafasi. Vyuo vingi hutoa vibali vingi kuliko nafasi zilizopo, kwa hesabu kwamba si wote watakaofika saa moja. Hesabu hiyo huenda vizuri katika chuo cha kawaida, ambako mwalimu huja Jumatatu na mwenzake huja Jumanne. Katika hospitali hesabu huvurugika wakati wa kubadilishana zamu. Muuguzi wa zamu ya jioni hufika kabla yule wa asubuhi hajaondoka, kwa sababu sharti wakabidhiane wagonjwa kitanda kwa kitanda. Kwa muda huo watu wawili huhitaji nafasi ya mtu mmoja. Uongozi usiolizingatia jambo hilo hujikuta na magari yaliyopandishwa juu ya vijia vya waenda kwa miguu, ilhali kila mwenye gari ana kibali halali mkononi.

Manung'uniko ya maegesho vyuoni ni ya zamani. Clark Kerr, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha California, alitania mwaka 1963 kwamba chuo kikuu ni kundi la wanazuoni wanaojitegemea, wanaounganishwa na manung'uniko yao kuhusu maegesho. Katika tawi la Berkeley la chuo hicho zipo nafasi zilizotengwa kwa ajili ya maprofesa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel. Huko nafasi ya karibu ni heshima. Katika eneo la hospitali, hata hivyo, nafasi ya karibu na mlango haiwezi kugawiwa kwa heshima peke yake, maana wapo watu ambao mita mia moja kwao ni mlima.

Njia ya dharura haina "dakika mbili tu"

Kanuni ya kwanza katika eneo lolote la tiba ni kutoziba njia ya gari la wagonjwa, ya zimamoto na ya machela. Kanuni za kimataifa za zimamoto zinazotumika katika majimbo mengi ya Marekani zinadai barabara ya kupitia gari la zimamoto iwe na upana usiopungua mita 6 bila kizuizi chochote. Upana huo unatokana na ukubwa wa magari yenyewe na nafasi ambayo wazimamoto huhitaji ili kushusha vifaa. Gari dogo moja lililoegeshwa pembeni hutosha kuubatilisha.

Dereva aliyezuiwa hujibu mara nyingi kwamba anashusha mtu na ataondoka baada ya dakika mbili. Ni vema wote wajue uzito wa dakika mbili hizo. Mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla, pasipo kukandamizwa kifua wala kupewa mshtuko wa umeme, hupoteza takribani asilimia 7 hadi 10 ya uwezekano wa kuokoka kwa kila dakika ipitayo. Mlinzi anayekataa kulegeza kanuni mbele ya mlango wa idara ya dharura hana budi kuungwa mkono na madaktari na wauguzi, hata pale dereva anayekatazwa anapokuwa daktari mwenzao.

Hali kadhalika, magari hayapaswi kuegeshwa karibu na matangi ya oksijeni. Oksijeni yenyewe haiungui, lakini huufanya moto uliokwisha kuwaka uwake kwa kasi na ukali zaidi. Injini nazo zizimwe gari linaposubiri karibu na madirisha ya wodi. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi na chembe ndogo sana zinazoingia ndani ya mapafu, na wanaolala nyuma ya madirisha hayo ndio wasio na nguvu ya kuzistahimili.

Haki ya mtu mwenye ulemavu

Nafasi zenye alama ya kiti cha magurudumu zina kanuni za vipimo, na vipimo hivyo vina sababu. Nchini Marekani, viwango vilivyowekwa chini ya sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 vinataka nafasi hizo ziwe kwenye njia fupi kuliko zote ya kufikia mlango unaopitika. Pembeni mwa kila nafasi huachwa ujia wa takribani mita 1.5 uliochorwa mistari. Ujia huo si nafasi ya pikipiki. Hapo ndipo mlango wa gari hufunguliwa wote, kiti cha magurudumu kikashushwa, na mgonjwa akahamia kitini. Anayeegesha juu ya mistari hiyo anaweza kumfungia mtu ndani ya gari lake mwenyewe.

Viwango hivyo pia vinatofautisha majengo. Mahali pa kawaida penye nafasi zisizozidi 25, moja tu hutosha kutengwa kwa watu wenye ulemavu. Katika sehemu za wagonjwa wa nje za hospitali, asilimia 10 ya nafasi za wagonjwa na wageni sharti zitengwe, na katika vituo vya utengamao na vya mazoezi ya viungo kiwango hupanda hadi asilimia 20. Mantiki yake ni nyepesi: penye wagonjwa wengi wasioweza kutembea, mgao wa kawaida hautoshi.

Nchini Uingereza, kibali cha watu wenye ulemavu kilianza mwaka 1971 kikiwa na rangi ya chungwa, kisha kikawa cha buluu tangu mwaka 2000. Mwezi Agosti 2019 England ilipanua masharti yake ili kuwahusisha watu wenye ulemavu usioonekana kwa macho, wakiwamo baadhi ya wenye usonji, shida ya akili ya uzeeni au wasiwasi uliokithiri. Hatua hiyo ina funzo kwa walinzi na kwa wagonjwa wanaopanga foleni. Mtu mwenye moyo dhaifu au ugonjwa sugu wa mapafu anaweza kushuka garini akitembea wima, akaonekana mzima, na asifike ghorofa ya kwanza bila kupumzika mara tatu. Kumkemea hadharani kwa kuwa "hana ulemavu" ni kumhukumu kwa sura.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Mkataba huo unazitaka nchi wanachama kuondoa vikwazo katika majengo, barabara na usafiri, na umezitaja taasisi za afya waziwazi. Kutenga nafasi, kuichora na kuilinda ni mojawapo ya njia rahisi kuliko zote za kulitimiza agizo hilo.

Je, mgonjwa alipie?

Suala la ada limezua mabishano katika nchi nyingi. Nchini Wales, hospitali nyingi za umma zilifuta ada za maegesho mwaka 2008. Hospitali kuu ya Cardiff ilichelewa hadi mwaka 2018, kwa sababu ilikuwa imefungwa na mkataba wa kampuni binafsi. Scotland ilifuta ada katika hospitali zake mwishoni mwa mwaka 2008, isipokuwa tatu zilizobanwa na mikataba ya aina hiyo, ambazo zilifuata mwaka 2021. England ilichagua njia ya kati: ada zibaki, lakini wasamehewe watu wenye ulemavu, wagonjwa wanaohudhuria mara kwa mara, wazazi wanaolala na watoto waliolazwa, na watumishi wa zamu ya usiku.

Wanaotetea ada nao wana hoja. Donald Shoup, profesa wa mipango miji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba maegesho ya bure huwa na gharama, ila hulipwa na wengine. Penye nafasi za bure karibu na mji, wafanyakazi wa ofisi za jirani huwahi alfajiri na kuzijaza kutwa nzima, na mgonjwa anayefika saa nne hukosa pa kuegesha. Yeye alipendekeza bei ipangwe ili takribani asilimia 85 ya nafasi zijae, na zilizosalia ziwe wazi kwa anayewasili.

Hoja hiyo inafaa barabara za maduka. Hospitalini inahitaji kurekebishwa, kwa kuwa mgonjwa hachagui siku wala muda. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo kushindwa kazi huhudhuria kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa takribani saa nne. Kwa mwaka hizo ni safari 156. Ada inayoonekana ndogo kwa mgeni wa siku moja, ikizidishwa mara 156, huwa mzigo juu ya ugonjwa. Aidha, kanuni ya "mwisho saa mbili" humlazimisha mtu huyo ama kuvunja kanuni kila anapotibiwa, ama kumtoa msindikizaji wake kando ya mashine akahamishe gari. Mgonjwa wa tiba ya mionzi naye huweza kutakiwa kufika siku tano kwa wiki kwa majuma kadhaa. Mama aliye katika uchungu hana awezaye kumwambia atajifungua saa ngapi. Kwa hiyo muda na ada vipangwe kwa kuitazama ratiba ya matibabu, na wanaostahili msamaha waupate kliniki, kwa muhuri au hati ya muuguzi, pasipo kuzungushwa ofisi hadi ofisi.

Wasiokuja na gari

Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hawaji na gari lao. Huja kwa daladala au matatu, bajaji, bodaboda au teksi. Kanuni zinazowafikiria wenye vibali peke yao huwasahau hao, nao huishia kushushwa nje ya lango na kutembea juani wakiwa na homa au mguu uliovunjika. Eneo la tiba linahitaji mahali pa kushushia mgonjwa penye kivuli, benchi na viti vya magurudumu, ambapo chombo chochote huruhusiwa kufika mlangoni, kushusha na kuondoka mara moja.

Ushauri kwa wagonjwa na watumishi

Mgonjwa anayeanza matibabu ya muda mrefu aulize mapema, siku ya kupangiwa tarehe, kama upo utaratibu wa kibali cha muda au msamaha wa ada. Anayesafishwa damu, au anayepewa dawa ya usingizi kwa ajili ya kipimo, asipange kujiendesha kurudi nyumbani; shinikizo la damu huweza kushuka, na usingizi wa dawa hukawia kuisha. Aje na mtu wa kumrudisha. Anayekuta nafasi yenye alama ya ulemavu imezibwa na asiyestahili amwite mlinzi badala ya kugombana naye.

Mtumishi mwenye afya njema aegeshe mbali, aache nafasi za mlangoni kwa wagonjwa. Uongozi kwa upande wake una wajibu wa kumlinda mtumishi anayefuata utaratibu huo. Muuguzi anayetoka zamu usiku wa manane hapaswi kutembea peke yake gizani kulifuata gari lake. Taa, mlinzi wa kumsindikiza, au ruhusa ya kulisogeza gari jirani na jengo baada ya kliniki za mchana kufungwa, ni mambo yanayowezekana kwa gharama ndogo.

Mwisho, kanuni ziandikwe kwa Kiswahili chepesi na zibandikwe langoni, si ofisini, zikieleza nani aegeshe wapi, kwa muda gani, na amwone nani anapoona ameonewa. Mlinzi aelezwe sababu ya kila kanuni. Akijua kwamba mistari ile ya pembeni ni njia ya kiti cha magurudumu, atailinda hata pasipo mkubwa wa kumtazama.