Nani Analipia Ufundi wa Kijana Wako?

Kazi yangu ni kilimo. Lakini katika miaka yangu ya kuzunguka vijijini nimeona mahindi mengi yakikaa bila kusagwa kwa sababu ya nati moja. Mashine imesimama. Foleni ya akina mama na ndoo zao inafika barabarani. Fundi ameitwa kutoka mjini, naye atakuja kesho kutwa. Akija, anataka nauli, chakula na malipo. Nati yenyewe bei yake ni ndogo kuliko nauli.

Kwa hiyo leo sitasema habari za mbegu wala mbolea. Nitasema habari za mafundi. Wanafunzwaje? Nani anatoa fedha za kuwafunza? Sheria imebadilika namna gani? Mambo haya yanatuhusu sisi wa vijijini, maana vijana wanaopelekwa kujifunza kazi ni watoto wetu.

Kijana anayejifunza kazi kwa fundi au kwa mwajiri huitwa mwanagenzi. Mafunzo yake huitwa uanagenzi. Siku hizi utalisikia neno hili redioni na katika hotuba za serikali. Jambo lenyewe si geni. Baba anampeleka mwanawe kwa fundi wa pikipiki. Mama anampeleka binti yake kwa mshonaji. Wanazungumza, wanapeana mikono, na kijana anabaki. Mafundi wengine hutaka ada. Wengine hawataki ada, lakini kijana atafanya kazi bila malipo mpaka fundi aseme, "Sasa umeiva."

Hapo ndipo penye shida. Ni lini kijana ameiva? Nani anapima? Namfahamu kijana mmoja aliyekaa kwa fundi wa kuchomelea vyuma kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza alifagia na kuchota maji. Mwaka wa pili alishika vyuma ili fundi achomelee. Mwaka wa tatu alianza kuchomelea mwenyewe, akawa hodari. Siku alipoomba kazi katika kiwanda, aliulizwa cheti. Hakuwa nacho. Alirudi nyumbani na mikono yenye ujuzi, lakini bila karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba anajua.

Tozo ya waajiri

Sasa tuangalie fedha. Hapa Tanzania Bara, mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyoanzisha VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Sheria ile ilisema waajiri wachangie mafunzo ya ufundi. Maana ni wao wanaopata faida fundi akiwa hodari. Mchango huo ulianza kwa asilimia 2 ya mishahara. Asilimia 2 maana yake ni shilingi 2 katika kila shilingi 100.

Baadaye mchango uliongezwa ukafika asilimia 6. Leo huitwa Tozo ya Kuendeleza Ujuzi. Hukusanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA, kila mwezi. Jambo moja lieleweke vizuri. Tozo hii haikatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Mwajiri huhesabu jumla ya mishahara yote aliyolipa, kisha hutoa tozo kutoka mfukoni mwake. Mwajiri akikukata mshahara na kusema ni tozo ya ujuzi, mwulize kwa adabu anafuata sheria gani.

Waajiri walilalamika kwamba asilimia 6 ni nyingi mno. Serikali ikaanza kupunguza. Mwaka 2013 tozo ilishuka kutoka asilimia 6 hadi 5. Mwaka 2016 ilishuka hadi asilimia nne na nusu. Baadaye ikawa 4, na mwaka 2023 ikashushwa hadi tatu na nusu.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua kalamu. Karakana ina wafanyakazi 12. Kila mmoja analipwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 2,400,000. Kwa asilimia 6, mwenye karakana angelipa shilingi 144,000 kila mwezi. Kwa asilimia tatu na nusu, analipa shilingi 84,000. Amebakiwa na shilingi 60,000. Anaweza kununua vifaa, au kumpa mwanagenzi nauli na chakula. Anaweza pia kuziweka mfukoni. Sheria haimlazimishi kuzitumia kwa mafunzo.

Badiliko jingine lilikuja mwaka 2021. Kabla ya hapo, kila mwajiri mwenye watu 4 au zaidi alilipa. Tangu mwaka ule, anayelipa ni mwenye watu 10 au zaidi. Mwenye watu 9 halipi kitu.

Wakulima nao wana nafasi yao katika sheria hii. Wafanyakazi wa shamba wanaofanya kazi ya kilimo peke yake, kama kulima, kupalilia na kuvuna, hawahesabiwi katika tozo. Lakini wasimamizi wa shamba, na wale wa kiwanda cha kusindika mazao, hawakusamehewa. Viongozi wa vyama vya ushirika vyenye viwanda waliangalie jambo hili mapema, wasingoje mkaguzi.

Fedha zinakwenda wapi?

Si fedha zote za tozo ziliwekwa kwa ajili ya ufundi. Mgawanyo uliotumika kwa miaka mingi ni theluthi moja kwa VETA na theluthi mbili kwa Serikali, ambazo zimesaidia mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Yaani katika zile shilingi 84,000 za karakana yetu, shilingi 28,000 ndizo za ufundi stadi. Waajiri wamelalamikia mgawanyo huo mara nyingi. Mimi naona wana haki ya kuuliza. Mtu akichangia kisima, hupenda kuona maji. Vyuo vikuu navyo vina haja yake, sikatai. Lakini daktari wa mifugo naye husafiri kwa gari, na gari hutengenezwa na fundi.

Tazama sasa jambo hili kwa macho ya kijijini. Karakana ndogo ya watu 3 au 4 hailipi tozo. Hiyo ni nafuu kwake. Lakini pia haipewi fedha yoyote kutoka kwenye tozo kwa kazi ya kufunza. Na vijana wetu wengi wanajifunza katika karakana ndogo kama hizo, chini ya mwembe au kando ya barabara. Gharama yao bado inabebwa na wawili: fundi na mzazi. Tozo ipande au ishuke, hilo halijabadilika.

Hata hivyo iko milango miwili inayoweza kumfikisha kijana wako kwenye fedha za umma.

Mlango wa kwanza ni nafasi za uanagenzi zinazolipiwa na Serikali. Kuanzia mwaka wa fedha 2016/2017, Ofisi ya Waziri Mkuu ilisimamia programu ya kukuza ujuzi. Vijana walichukuliwa kujifunza ushonaji, ujenzi, ufundi wa magari na kazi nyingine, ada ikalipwa na Serikali. Mwaka 2017 ukatolewa mwongozo wa taifa wa uanagenzi. Mwongozo unataka mwanagenzi ajifunze sehemu kubwa kazini na sehemu nyingine chuoni. Unataka pia pawe na mkataba wa maandishi, na mtu maalum kazini wa kumwongoza kijana. Nafasi hizi hutangazwa. Matangazo hufika wilayani, na mara nyingi hukwama hapo. Mwombe Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako aulize. Muulize tena baada ya mwezi. Wasichana nao waombe hata kazi za magari na umeme.

Mlango wa pili ni wa yule ambaye tayari anajua kazi. Huu ninaupenda zaidi.

Cheti bila kukaa darasani miaka miwili

VETA huwapima mafundi waliojifunza mitaani. Kazi hiyo huitwa kurasimisha ujuzi. Fundi hufanya kazi yake mbele ya wapimaji. Kama ni mwashi, hujenga. Kama ni mshonaji, hushona. Wapimaji huangalia anachoweza na asichoweza. Palipo na upungufu, hufundishwa kwa muda mfupi. Akifaulu, hupewa cheti kinachotambuliwa nchini kote. Haulizwi alikaa miaka mingapi darasani. Yule kijana wa kuchomelea niliyemtaja, mlango wake ni huu.

Hapa lazima nieleze badiliko la viwango, maana linawachanganya watu. Zamani, chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974, mafundi walifanya majaribio ya ufundi ya madaraja matatu. Daraja la Tatu lilikuwa la chini. Daraja la Kwanza lilikuwa la juu kabisa. Mzee mwenye Daraja la Kwanza aliheshimiwa karakana nzima.

Siku hizi vyeti vya VETA huhesabiwa kwa ngazi, na hesabu imegeuzwa. Ngazi ya Kwanza ni ya chini. Ngazi ya Tatu ni ya juu. Nimemwona mwenye karakana mmoja, mzee wa siku nyingi, akimkataa kijana mwenye Ngazi ya Tatu. Alisema, "Mwanangu, wa tatu ni wa mwisho. Mimi nataka wa kwanza." Kijana aliona haya kubishana na mzee, akaondoka. Mzee alipoteza fundi mzuri, na kijana alipoteza kazi. Basi ukiona cheti, soma kama kimeandikwa daraja au ngazi.

Badiliko jingine la viwango ni namna ya kupima. Sasa kinachopimwa ni umahiri, yaani kile ambacho mtu anaweza kukifanya kwa mikono yake. Waajiri nao hushirikishwa kusema fundi wa kila ngazi anatakiwa kujua nini. Hii ni heri kwa mwanagenzi. Fundi hawezi kusema tu kwamba kijana hajaiva. Iko orodha ya kazi za kujifunza. Unaweza kwenda chuo cha VETA kilicho karibu, ukaulizia kazi za Ngazi ya Kwanza katika fani ya mwanao, na ukampelekea fundi wake.

Andikeni kabla kijana hajaanza

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imesema habari za mwanagenzi aliye chini ya miaka 18. Asianze kabla ya kufikisha miaka 14. Fundi anatakiwa kumfundisha kadiri ya ujuzi wake wote, kumpa chakula kama hamkupatana vingine, na kuhakikisha mahali pa kazi ni pa salama. Akiumia katika mafunzo, fundi anawajibika. Mzazi au mlezi anatakiwa kupatana na fundi kwa maandishi. Naye kijana anatakiwa kutii, kutunza vifaa, na kutotoa nje siri za kazi.

Watu wengine husema, "Bwana Shamba, karatasi inaleta uhasama. Fundi ni jirani yangu." Mimi nasema jirani ndiye wa kuandikiana naye zaidi. Shamba la jirani lina mpaka, na hatugombani kwa sababu mpaka upo.

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika unaweza kuandika mapatano hayo mwenyewe katika karatasi ya daftari. Andika jina la kijana, la mzazi na la fundi. Andika tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Taja ada ni kiasi gani na italipwa mara ngapi, au andika kwamba hakuna ada. Nani atanunua miwani ya kuchomelea, glavu, mkasi au spana? Andika. Kijana atakula wapi mchana, na akiugua atatibiwa na nani? Kisha andika kazi atakazojifunza, moja moja. Usiandike "ufundi wa pikipiki" tu. Andika "kufungua injini na kuirudisha, kurekebisha breki, kutengeneza taa." Msome kwa sauti wote mkiwapo. Wekeni sahihi mbele ya Mtendaji wa Kijiji, kila upande ubaki na nakala.

Muda ukiisha, kijana apewe barua ya kumaliza mafunzo. Fundi akikataa bila sababu ya haki, peleka mapatano kwa Afisa Kazi. Kama ofisi yake iko mbali, anzia kwa Mtendaji wa Kata au Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Barua iwe na jina la kijana, tarehe mbili, kazi anazoziweza, na sahihi ya fundi. Kijana aitunze pamoja na mapatano mahali pakavu. Siku VETA watakapokuja kupima mafundi wilayani, aende nazo zote mbili.