Nusu, robo na thumni

Jioni moja mpwa wangu alinijia nyumbani hapa Nakuru, daftari mkononi na huzuni usoni. Alikuwa ameanguka mtihani wa CCNA wa kampuni ya Cisco, mtihani wa dakika 120 usioruhusu kikokotoo. "Mjomba," akaniambia, "nilikariri jedwali lote, lakini nilipoketi pale likanitoka."

Jedwali lenyewe ni safu ya tarakimu: 128, 192, 224, 240, 248, 252, 254, 255. Hizo ndizo maski, nambari zitumiwazo kugawa mtandao mmoja wa kompyuta kuwa mitandao midogo. Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si wa kompyuta. Nilimwomba anifunze kwanza, ndipo nami nipate kumfaa.

Ndugu msomaji, chukua eka moja ya shamba kule Njoro. Ukiikata kati unapata nusu. Ukiikata nusu unapata robo. Ukiikata robo unapata thumni, yaani takriban ile ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo kila mkazi wa Nakuru huota kuinunua. Mtandao nao hugawanywa vivyo hivyo. Tuseme una anwani 256, kuanzia 0 hadi 255. Nusu yake ni 128, robo ni 64, thumni ni 32, na nusu ya thumni ni 16.

Sasa litazame jedwali upya. 128 ni nusu. 192 ni nusu na robo. 224 ni nusu, robo na thumni. Ongeza nusu ya thumni, upate 240. Hakuna cha kukariri!

Ukipenda njia ya mkato, toa ukubwa wa ploti katika 256. Ploti ya robo ina anwani 64, basi maski yake huishia kwa 192. Ploti hizo huanzia 0, 64, 128 na 192. Kwa hiyo anwani inayoishia kwa 130 imo katika ploti ya tatu, ambayo hukoma kwa 191. Katika kila ploti, anwani ya kwanza hutambulisha mtandao wenyewe na ya mwisho hutumiwa kuzitangazia kompyuta zote. Zinazosalia ni 62.

Hata jina la maski limewapotosha wengi. Barakoa huficha uso, ilhali maski hii haifichi kitu; kazi yake ni kuonyesha mpaka baina ya mtandao na kompyuta zilizomo. Mpima ardhi angeiita bikoni.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Kenya tangu Katiba ya 2010. Hata hivyo, aghalabu tunakiacha nje ya mlango wa maabara, kana kwamba hakijui hesabu. La hasha! Wazee wetu waliokuwa wakiita sarafu ya senti 50 thumni walikuwa na msamiati wa kugawa kwa mbili kabla ya kompyuta ya kwanza kufika nchini. Simwambii mwanafunzi aache Kiingereza, kwani mtihani wake umeandikwa kwa lugha hiyo. Ninamwambia mwalimu asimnyime mwanafunzi wake njia ya kuelewa iliyo tayari kinywani mwake.

Mpwa wangu atarudia mtihani mwezi ujao. Jedwali amelichana. Nikimtajia nambari yoyote sasa, hufumba macho, akakata shamba.