Mwezi Usioshikika

Mwali wa Newala akitoka unyagoni hutoka na mengi kichwani. Mimi natamani aongezewe moja: hesabu.

Maana wapo wanawake ambao mwezi wao haushikiki. Tumchukue mmoja aliyezoea siku 7. Safari hii damu, rangi ileile, imevuka siku ya 15. Fiqhi ya Kishafii, ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa huku, haimwachi njia panda. Hedhi haizidi siku 15. Ikizidi, anarudi kwenye kawaida yake. Siku 7 ni hedhi, zilizobaki ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, na sala za siku hizo atazilipa. Ataoga, kisha kila wakati wa sala ukiingia atajisafisha, atajifunga kitambaa, atatia udhu na kusali. Mumewe si haramu kwake.

Ila kurudi kwenye kawaida kunataka aikumbuke. Kwa Mashafii mwezi mmoja unatosha kuithibitisha. Wayahudi, wenye sheria kama hii katika dini yao, hutaka mara 3 mfululizo. Kwao, asiye na tarehe imara hujihadhari na damu siku tatu: tarehe ileile ya mwezi uliopita, siku inayotimiza idadi ya siku zilizopita kati ya damu mbili, na siku ya 30. Kote huko shahidi ni mwanamke mwenyewe.

Aliyesahau idadi ya siku na tarehe pia, wanazuoni wa Kiislamu humwita mutahayyira, aliyeduwaa. Huyo, kwa tahadhari, huambiwa aoge kwa kila sala ya faradhi. Mara tano kwa siku, tena Newala, juu kwenye Uwanda wa Makonde! Uwanda huo ni mchanga unaomeza mvua. Chemchemi ziko chini, na kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950 wanawake walishuka bondeni wakapanda na mtungi kichwani. Tayamamu ipo kwa aliyekosa maji, lakini hakuna mama anayemtakia bintiye maisha ya kuduwaa.

Kalenda si lazima. Mstari wa mkaa nyuma ya mlango siku damu inapoingia, mwingine siku inapokata: somo, mlezi wake wa unyago, akimfundisha mwali hilo tu, amempa kitu cha kushika. Siku akivuja kupita kiasi, shehe atamuuliza ilianza lini. Na muuguzi wa zahanati, Newala au Masasi, atamuuliza hivyohivyo, kabla hata hajampima.