Ganda la Kamba Laweza Kuliokoa Embe

Kaskazini mwa Malindi, mto Sabaki humwaga baharini maji yaliyojaa tope, na mbele yake mto Tana hufanya vivyo hivyo katika Ghuba ya Ungwana. Rutuba ya tope hilo ndiyo inayolea kamba wanaovuliwa hapo. Ukiiacha pwani ukafuata mito hiyo kwenda bara, unaingia katika mashamba ya maembe: ngowe, boribo, dodo. Kila upande una hasara yake. Kamba akimenywa, vichwa na maganda hutupwa, navyo hukaribia nusu ya uzito wake. Embe nalo hulainika na kuoza kabla halijapata mnunuzi. Watafiti wa sayansi ya chakula wamekwisha kuonyesha kwamba hasara ya kwanza inaweza kuipunguza ya pili.

Embe lililochumwa bado li hai. Huvuta oksijeni, hutumia akiba yake ya wanga na sukari, hutoa joto na mvuke. Likianza kuiva hutoa pia gesi ya ethilini, nayo huliivisha tunda lenyewe na yaliyo jirani kwa kasi zaidi. Ndiyo maana embe moja bivu huharakisha tenga zima. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Jokofu nalo si dawa kamili, kwani chini ya nyuzi 12 hivi embe huumizwa na baridi, likafanya madoa na kupoteza ladha. Kisha kuna chule, ugonjwa wa kuvu unaoliingia tunda likiwa changa mtini, ukajificha, ukajitokeza kwa madoa meusi wakati wa kuiva.

Ganda la kamba limejengwa kwa chokaa, protini na kaitini, mnyororo mrefu wa molekuli za jamii ya sukari ambao Mfaransa Henri Braconnot aliutambua mwaka 1811 alipokuwa akichunguza uyoga. Asidi huyeyusha chokaa, kostiki soda huondoa protini, na kostiki kali iliyopashwa moto huigeuza kaitini kuwa kaitosani. Kaitini haiyeyuki majini. Kaitosani huyeyuka katika maji yenye asidi hafifu kama siki. Tunda huchovywa katika mchanganyiko wenye kaitosani ya asilimia 1 au 2, kisha huachwa likauke, likabaki na utando mwembamba unaolika. Utando huo hupunguza oksijeni inayoingia na mvuke unaotoka, hivyo tunda huiva polepole. Zaidi ya hayo, kaitosani ina chaji chanya. Hunasa kwenye seli za kuvu, zenye chaji hasi, na kuzifanya zivuje. Kipimo lazima kiwe sahihi: utando ukizidi unene, tunda hukosa hewa na kuchachuka ndani. Tena protini ikibaki hata kidogo tu, mwenye mzio wa kamba anaweza kudhurika.

Mbali na pwani, Ziwa Victoria nalo lina mabaki yake yenye manufaa. Viwanda vya huko vikishatoa minofu ya sangara, zaidi ya nusu ya samaki hubaki. Mwaka 2004 John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha uchunguzi wa jelatini itokanayo na ngozi na mifupa ya sangara. Kolajeni ya ngozi hiyo, ambayo ndiyo hugeuzwa kuwa jelatini, huhimili joto la hadi nyuzi 36 hivi, zaidi sana kuliko ya samaki wa bahari za baridi. Jelatini ya samaki nayo hutengeneza utando wa kufunika matunda, na Mwislamu anayeepuka jelatini ya nguruwe hana shaka nayo.

Hata hivyo, si kila kiitwacho mabaki ni taka. Mapanki ya Mwanza, au mgongo wazi kama wanavyosema Kisumu, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, ni kitoweo cha familia zisizomudu minofu, na ni riziki ya wanawake wanaoyakaanga na kuyauza. Kiwanda kikianza kuyagombania, bei itapanda na sufuria ya maskini itabaki na mchuzi mtupu. Kwa hiyo sayansi hii ianze na kisicholiwa: ganda la kamba, magamba, na ngozi isiyo na mlaji.

Sayansi hii iangalie pia maji machafu. Asidi na kostiki zikimwagwa mtoni, tutakuwa tumeokoa embe na kuua mazalia ya kamba. Watafiti wamejaribu njia laini zaidi: kuchachusha maganda kwa bakteria wa jamii ile inayogandisha maziwa, ambao asidi yao huyeyusha chokaa huku vimeng'enya vikivunja protini.

Unga mkavu wa kaitosani hukaa muda mrefu, hivyo kamba wa msimu mmoja wanaweza kuhifadhi maembe ya msimu mwingine. Mkulima wa Garsen, kando ya mto Tana, hahitaji kuwa na maabara. Anahitaji unga uliothibitishwa kuwa salama, siki, ndoo safi, na kipimo kilichojaribiwa kwa embe lake la ngowe, katika joto la kwake. Kazi ya kutengeneza unga huo ifanywe karibu na ghuba, ili anayemenya kamba alipwe kwa ganda, na mwenye shamba apate siku za ziada za kutafuta bei nzuri badala ya kuuza kwa hofu ya kuozewa.